Siku saba na klabu za afya vijijini, na ile njia ya kichakani

Siku ya 1

Tumefika saa kumi jioni, mimi na mama mwezeshaji aliyenipakia kwenye pikipiki yake, vumbi mpaka kwenye kope. Kabla hata hatujamaliza kusalimiana na wenyeji katoto kamoja ka miaka kama mitano hivi kakanishika kidole kakanivuta mpaka kwenye kibuyu chirizi kando ya choo, kakanyaga kale kamti ka chini, maji yakatoka, kakaniangalia usoni kuona kama nitachukua sabuni. Nimechukua.

Niseme kwanza kwanini nimekuja kuziona hizi klabu za afya, yani vikundi vya wanakijiji wanaokutana kila wiki kujifunza usafi na kujikinga na magonjwa. Miaka ya nyuma nilifanya kazi kwenye mradi mmoja uliokuwa unawajengea watu vyoo, vya matofali, mlango wa bati, vizuri kabisa, tukamaliza tukapiga picha tukaondoka. Nimerudi baada ya mwaka na nusu nikakuta kimoja kimejaa kuni, kingine kina kufuli kinasubiri wageni, na ile njia ya kwenda kichakani bado nyeupe, yani imekanyagwa mpaka nyasi hazioti. Sijawahi kuisahau ile njia. Tangu hapo kila nikiingia kijiji chochote macho yangu yanatafuta njia ya namna hiyo kabla ya kutafuta choo, maana choo unaweza kuonyeshwa lakini njia haidanganyi.

Hapa nimeiona, ipo nyuma ya nyumba za mwisho. Ila katikati nyasi zimeanza kurudi.

Siku ya 2

Leo ndo siku ya klabu. Wanakutana mara moja kwa wiki, siku ileile saa ileile, na mama mwezeshaji anasema kwake siku kutohamahama ni kitu kikubwa kuliko hata picha anazofundishia. Wamekuja watu arobaini na kitu, wengi akina mama, wanaume nimehesabu tisa, na wazee wawili waliokaa pembeni kama hawapo lakini wanasikiliza kila neno.

Kila mwanachama ana kadi. Kadi yenyewe ni karatasi ngumu tu imekunjwa, ndani ina orodha ya mada kama ishirini: maji salama, kuhara, minyoo, macho, ngozi, choo, takataka, malaria na kadhalika, na mbele ya kila mada kuna nafasi mbili za saini, moja ya kuhudhuria na moja ya kazi ya nyumbani. Umeelewa hapo? Kusikiliza peke yake hakukupi saini zote mbili, mpaka mwezeshaji afike kwako aone. Ukimaliza zote unapewa cheti mbele za watu. Nimeona bibi mmoja ametunza kadi yake ndani ya mfuko wa nailoni ndani ya kitambaa, anaifungua taratibu kama mtu anayefungua hati ya shamba.

Utaratibu huu wa klabu, kadi na mada za kila wiki ulianzia Zimbabwe mwaka 1995, wilaya ya Makoni, ukasambaa nchi nyingine, na Rwanda wakaja kuuchukua kama mpango wa serikali kuanzia 2009 ili kila kijiji kiwe na klabu yake. Naandika hili kwa sababu kuna watu wanadhani klabu ni kikundi cha kuimba na kupiga makofi. Wanaimba, ndiyo, leo wameimba sana, lakini kilichobeba kazi ni ile kadi na ile wiki kwa wiki.

Mada ya leo ilikuwa njia za kinyesi kufika mdomoni. Mwezeshaji hakuhutubia, amewapa picha wazipange wenyewe chini kwenye udongo: mtu kajisaidia kichakani, nzi, vidole, kisima, shamba, sahani ya chakula, mdomo wa mtoto. Wakabishana karibu saa nzima. Mama mmoja akaweka picha ya kinyesi cha mtoto mchanga pembeni kabisa, akasema hicho hakina shida maana mtoto ananyonya tu, na wengi wakaitikia. Hapo ndo mwezeshaji akauliza swali moja tu: kati ya mtoto na mtu mzima nani anaharisha mara nyingi hapa kijijini? Kimya. Alafu mama yuleyule akainuka akachukua ile picha akairudisha katikati, mwenyewe, bila mtu kumwambia. Huu ukweli watu wengi hawaujui, kinyesi cha mtoto kinabeba vimelea vingi tu, na mara nyingi ndo kinachotupwa uani palepale anapotambaa mwenzake.

Baada ya hapo wakatengeneza kibuyu chirizi kipya kwa ajili ya wanachama walioingia mwezi huu. Nimekaa nao mpaka mwisho. Dumu la lita tano, msumari umepashwa moto ukatobolewa tundu moja dogo upande wa mbele, chini kidogo ya shingo, dogo haswa kwa sababu likiwa kubwa maji yanaisha watu wawili tu. Miti miwili yenye panda imechimbiwa, mti wa tatu umelazwa juu ukapita kwenye mkono wa dumu, kamba imefungwa shingoni kwa dumu ikashuka mpaka kwenye kijiti cha kukanyaga. Ukikanyaga dumu linainama, ukiachia linarudi, na mkono wako mchafu haujagusa kitu chochote zaidi ya sabuni. Sabuni imetobolewa ikaning'inizwa kwa kamba na juu yake wamefunika kopo lililopinduliwa ili mvua isiimalize. Chini wamemwaga kokoto pasiwe na tope. Kazi yote haikufika hata nusu saa.

Siku ya 3

Kutembelea nyumba. Hii ndo siku niliyoisubiri.

Wanakwenda kumi kumi, wanachama wenyewe, siyo viongozi, na kila nyumba wanayoingia ni ya mwenzao ambaye kesho naye atakuja kwao. Wanaangalia kichanja cha vyombo kama vyombo vinakauka juani, wanaangalia shimo la taka, maji ya kunywa kama yamefunikwa na kama kuna kata yenye mpini mrefu. Mpini una kazi yake. Maji yanaweza kutoka kisimani yakiwa masafi kabisa, yakachafukia nyumbani kwa kikombe kinachozamishwa pamoja na vidole. Nyumba ya nne tumekuta mtungi umefunikwa vizuri na kitambaa cheupe, kikombe kimewekwa juu, hakina mpini. Hakuna aliyemgombeza mwenye nyumba. Mmoja wao alisema tu, "Dada, hata mimi nilikuwa hivihivi mpaka wiki ya sita," wakacheka, yule dada akacheka, na tulipopita tena jioni kulikuwa na kata imeshaning'inizwa ukutani.

Nyumba ya saba ni ya mama mmoja mjane, ana watoto wanne, na kadi yake imejaa saini isipokuwa nafasi moja, choo. Alituambia wazi, hana nguvu ya kuchimba na hana wa kumchimbia. Anachofanya kwa sasa ni kwenda na jembe yeye na wanawe, wanachimba kishimo, wanajisaidia, wanafukia. Mwezeshaji akamsifu mbele ya wote na mimi nilishangaa kidogo kwa sababu kwenye ule mradi wetu mtu asiye na choo alikuwa anaandikwa "hana", basi, amefeli. Nikakumbuka takwimu za Tsholotsho, wilaya nyingine ya Zimbabwe, utafiti uliotoka 2005: walipofanya klabu, vyoo vilifika asilimia 43 wakati eneo lisilokuwa na klabu lilikuwa na asilimia 2, na wale asilimia 57 wa wanachama ambao hawakuwa na choo walikuwa wanafukia, kitu ambacho hawakukijua mwanzo. Mimi naona hiyo asilimia 57 ni ya maana kuliko hata vyoo vyenyewe. Mtu anayefukia ameshabadilika, choo kitakuja. Mtu aliyejengewa choo bila kubadilika anaweka kuni.

Yule mama aliniambia kitu kimoja wakati tunatoka. Alisema haoni aibu kutokuwa na choo, anaona aibu kadi kuwa na nafasi tupu. Nimeandika kama alivyosema.

Siku ya 4

Mvua tangu alfajiri, hatujatoka. Tumekaa jikoni kwa mwenyeji, akina mama wanne wamekimbilia humo humo, mazungumzo yakahamia kwenye kuharisha. Niliwauliza mchanganyiko wa chumvi na sukari unavyotengenezwa na wote wanne wakajibu kwa pamoja: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya kusawazisha siyo vya kurundika. Mmoja akaongeza unaonja kwanza, isizidi chumvi ya machozi. Na unampa mtoto kidogo kidogo huku unampeleka kituo cha afya, hausubiri macho yaingie ndani, na kunyonyesha hakukatizwi. Mimi nimekutana na watu wenye shahada ambao wangekosea hicho kipimo.

Basi, siku nzima mvua.

Siku ya 5

Tumeendesha kwa muda wa karibu saa mbili, njia ya utelezi, tumeanguka mara moja bila kuumia, tukafika kijiji ambacho klabu yake imekufa. Niliomba nipelekwe hapo makusudi maana ukionyeshwa zilizofanikiwa tu hujifunzi.

Njia za kichakani ni nyeupe kabisa, na zipo tatu.

Mwenyekiti wa zamani wa klabu ametupokea vizuri na hakuficha kitu. Walianza watu zaidi ya sitini. Aliyewafundisha alikuwa na haraka, mada mbili tatu kwa siku moja, wiki nyingine haji, kadi zilichelewa kufika, zilipofika watu wakasainiwa zote kwa mkupuo bila mtu kwenda nyumbani kwao. Wakapata vyeti. Ndani ya miezi michache hakuna aliyekuja tena. "Tulihitimu kabla hatujajifunza," alisema, na alisema kwa uchungu, amekaa ameshika daftari la mahudhurio ambalo bado analitunza.

Kabla ya klabu hapo hapo waliwahi kuchechemuliwa, ile njia iliyoanzishwa Bangladesh karibu mwaka 2000 na Kamal Kar, mtaalamu wa maendeleo kutoka India, ambapo kijiji kizima kinatembezwa mpaka sehemu wanapojisaidia, kinyesi kinawekwa karibu na chakula, watu wanaona nzi wanavyohama wanapata kichefuchefu, wanaapa kuchimba vyoo. Njia hiyo imefanya kazi kubwa sehemu nyingi na siipingi. Hapa walichimba kweli, vyoo vingi kwa mwezi mmoja, vikajaa maji msimu wa mvua vikabomoka, na hakukuwa na kikao cha wiki inayofuata cha kuuliza sasa tufanyeje. Kichefuchefu kinampeleka mtu mpaka shimo la kwanza. La pili linataka watu wa kukaa nao.

Sasa niseme na upande ambao sisi wapenzi wa klabu huwa hatuusemi. Rwanda, wilaya ya Rusizi, vijiji 150 viligawanywa makundi matatu, kundi moja lilipata klabu yenye vikao 20, kundi la pili vikao 8 tu, la tatu halikupata. Matokeo yalitoka 2017. Kuharisha kwa watoto chini ya miaka mitano hakukupungua, si kwa vikao 8 si kwa vikao 20. Nilipoyasoma mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu, na usiku huu nimeyarudia kichwani huku nasikiliza vyura. Ukiangalia kijiji hiki unaanza kuelewa inavyoweza kutokea. Mtoto hanywi elimu ya mama yake, anakunywa maji, na kama kisima chenyewe kimechafuka, mbuzi na kuku wanajisaidia uani anapotambaa, nusu ya majirani hawapo kwenye klabu, basi unaweza kusaini kadi mpaka wino uishe na bado anaharisha. Klabu haitoshi bila maji. Na klabu ya majina tu ni hasara mara mbili, maana watu wakishachoka safari ijayo hawaji kabisa.

Mwenyekiti aliuliza kama wanaweza kuanza upya. Mwezeshaji hakumpa ahadi. Alimwambia atafute watu kumi tu watakaokubali kukutana wiki nane mfululizo bila yeye, wajadili chochote, alafu atakuja. Nimeona mzee anaandika "kumi" kwenye lile daftari.

Siku ya 6

Kijiji cha tatu, na hapa nimejifunza mambo ya shimo ambayo miaka yote sikuyajua vizuri.

Shida yao ni maji ya ardhini, yapo juu mno, ukichimba mita mbili na nusu unakutana nayo. Kanuni ya kawaida ni kwamba chini ya shimo pabaki angalau mita moja na nusu mpaka yalipo maji, na choo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani, upande wa chini wa mteremko. Kwa hiyo shimo refu hapa ni kumwaga kinyesi kisimani moja kwa moja. Klabu yao imegawanyika njia mbili. Wenye uwezo wameinua choo, shimo fupi chini na kuta za matofali zinaendelea juu ya ardhi, unapanda ngazi. Wengine wanatumia shimo la kina cha mita moja hivi, kila ukijisaidia unatupia udongo, majivu na majani makavu, likikaribia kujaa kibanda chepesi kinahamishwa na juu ya shimo wanaweka udongo wa kutosha wanapanda mti. Nimeonyeshwa mti wa matunda uliopandwa hivyo, majani yake ni mazito na ya kijani kuliko wenzake wote, na mwenye mti anakuelezea habari zake kwa fahari kabisa.

Nyumba moja ina choo chenye bomba la hewa, ile aina iliyobuniwa Zimbabwe miaka ya 1970. Mzee mwenye nyumba, fundi wa siku nyingi, aliniingiza ndani akafunga mlango akaniambia, "Mwanangu, tulia kidogo, angalia juu." Ndani giza. Mwanga pekee unatoka kwenye bomba. Akanieleza kwamba upepo ukipita juu ya bomba unavuta hewa ya shimoni kwenda juu, ndo maana humu hakunuki, na nzi aliyeko shimoni anakimbilia mwanga, anapanda bomba, anafika juu anakutana na wavu, anafia hapo. Tukatoka nje akaegemeza ngazi nikapanda kuangalia. Nzi waliokufa chini ya wavu, weusi, wengi sana. Kila mmoja ni nzi ambaye hakutua kwenye sahani ya mtu. Akasema watu wanakosea vitu viwili: wanaweka dirisha kubwa ndani panakuwa na mwanga, nzi hajui aende wapi, au wanaacha wavu utoboke hawaangalii tena. Na hiki hakiwekwi mfuniko, hewa inatakiwa ipite, tofauti na choo cha kawaida ambacho tundu lisipofunikwa umefanya kazi bure.

Nilimuuliza kama anawachimbia wajane. Akaniangalia. "Wakiniita." Nikamwambia kuna mmoja kijiji cha kwanza. Akauliza udongo wake ukoje.

Siku ya 7

Tumerudi kijiji cha kwanza asubuhi sana, pikipiki mbili, mzee fundi kwenye moja na sururu na koleo vimefungwa nyuma. Nilidhani tutamkuta mama amekaa anatusubiri. Kumbe tangu juzi wenzake wa klabu, wale kumi waliomtembelea, wamekuja kila jioni baada ya shamba wakachimba kwa zamu, na shimo limeshafika kifuani. Wanawake tu, na kijana mmoja mtoto wa jirani.

Mzee akashuka ndani akagonga kuta kwa mpini wa sururu akisikiliza. Juu udongo umeshika, chini kidogo kuna mchanga, akasema hapa bila kujengea kuta za ndani litaanguka mvua ya kwanza, na akaanza kuwaelekeza namna ya kupanga mawe kuzunguka ukuta, makubwa chini. Watoto wakatumwa kuokota mawe. Yule katoto ka siku ya kwanza kalileta jiwe kubwa kuliko kichwa chake, kakaliweka chini, kakaenda kunawa.

Mfuniko ulikuwa tayari. Mama aliuonyesha, ameuchonga kwenye ubao, una mshikio mrefu wa mti wima ili mtu asiiname na kugusa. Aliutengeneza wiki ya mada ya choo, kabla hajawa na shimo wala matumaini ya shimo.

Saa nane mchana jua kali, mama akapanda juu ameroa jasho na udongo mpaka kwenye nywele, akafunua kile kitambaa chake akatoa kadi akamnyooshea mwezeshaji, akasema nisainie dada, si umeona. Mwezeshaji akaichukua, akaisoma yote toka juu mpaka chini, akaikunja, akamrudishia. "Nitasaini siku mfuniko utakapokuwa juu ya tundu."

Wenzake wote wakapiga kelele. Mama akairudisha kadi kwenye kitambaa, akafunga fundo, akanipa mimi nimshikie, akashuka tena shimoni.